Namna ya Kumlisha Hilali

Siku mliyoniaga mlinipa maua na keki, mkanitaka niseme maneno mawili. Nikasema ahsanteni, nikanyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo, refu mno kwa watu waliokwisha kushika sahani za keki. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Al Khoudh, hapa Maskati, asubuhi hakuna mlango unaonisubiri, na nimeona niliandike. Vyeo na mishahara havimo humu, aliyevitaka ataviulizia ofisini. Nataka kukuelezeni nilivyojifunza kazi hii ya kuuguza watu majumbani, maana wengi wenu mnaianza kwa njia ileile niliyopita mimi, ya kumfuata mtu.

Nilikuwa nimeshauguza wodini kwa miaka nilipochaguliwa kusomea uuguzi wa jamii. Masomo yalikuwa ya uanagenzi: siku moja ya wiki darasani, siku nyengine zote unazunguka majumbani na muuguzi mzoefu mpaka yeye mwenyewe aone kuwa umeiva. Mitihani sikuiogopa. Nilichokiogopa ni hicho cha kuonekana nimeiva. Nikapewa Bi Moza.

Bi Moza alizaliwa Tabora, akaja Oman na wazazi wake akiwa msichana. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, na Kiswahili chake cha bara kilinyooka kama rula. Mimi nimelelewa na mama wa Unguja, nikisema "nnakuja," yeye hunijibu "nakuona, unakuja," na akanitazama kana kwamba nimeshika sindano vibaya. Baadaye tulilicheka hilo. Mwanzo sikuthubutu.

Siku ya kwanza tulikwenda Matrah. Gari tuliiacha chini, kwani vichochoro vya nyuma ya soko haviingii gari, tukaanza kupanda ngazi. Jua lilikuwa limeshachoma mawe. Mkoba wangu nilikuwa nimeupakia kila kitu nilichokizoea wodini, mpaka beseni la chuma. Katikati ya ngazi, mimi nahema, yeye anapumua kama aliyetoka kulala, akasimama.

"Umebeba wodi nzima," akaniambia. "Kesho acha vyote ambavyo nyumba yenyewe inavyo."

Ilinichukua muda kujua nyumba ina nini. Nyumba ina maji na sabuni. Ina mito ya kuegemeza mguu, ina shuka kuukuu lililofuliwa, ina msumari ukutani wa kutundikia chupa ya dripu. Mkobani vinabaki vichache: kipimo cha presha, kipimo cha sukari, glovu, chachi, plasta, mkasi, na tochi ndogo ya kutazamia kidonda. Mkoba wangu wa mwisho, ule niliouacha kabatini kwenu, ulikuwa mwepesi kuliko pochi ya bibi harusi. Msiujaze.

Tuliyemwendea siku ile alikuwa mzee aliyekuwa na duka sokoni, ana sukari na kidonda cha mguu. Nikaingia na sauti yangu ya wodini. "Lala chali, mzee, nyoosha mguu."

Mzee akamgeukia Bi Moza. "Nani huyu anayenilaza mwangu?"

Bi Moza akamwomba radhi kwa Kiarabu, akamwulizia mwanawe aliyekuwa safarini, akapokea kahawa, akala tende, na mazungumzo yalipokwisha mzee mwenyewe ndiye aliyeunyoosha mguu. Kidonda kilikuwa kinapona. Tulipotoka nje Bi Moza akaniambia, "Wodini mgonjwa ni mgeni wako. Huku mgeni ni wewe." Katika vitabu vyote nilivyosomeshwa mwaka ule, jumla yake ndiyo hiyo, ila vitabu viliirefusha.

Nilijifunza mengi ambayo mtu hasimuliwi. Kumgeuza mgonjwa mzito kwa shuka, watu wawili, bila ya kuvunja migongo yao. Kunusa kidonda kabla ya kukifungua. Kufungua jokofu kwa rukhsa ya mwenyewe, kwa sababu insulini huwekwa mahala pabaya, na kwa sababu jokofu husema kweli kuliko mgonjwa anapoulizwa amekula nini. Lakini yaliyonifanya muuguzi wa jamii niliyapata katika nyumba moja, Al Amerat, nayo ndiyo ninayotaka kukusimulieni.

Ilikuwa nyumba mpya, upande wa pili wa milima, katika mtaa ambao wanaume wake huondoka alfajiri kuwahi maofisini mjini. Mgonjwa wetu alikuwa Bi Rayya, mzaliwa wa Pemba, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya mzaha hata akiwa na maumivu. Saratani ilikuwa imeanzia tumboni na kufika kwenye ini. Hospitali walikuwa wamemaliza lao, wakamrudisha nyumbani, na sisi tukapewa kazi ya kutuliza maumivu. Mwanawe mkubwa, Salim, mtu wa wizarani, alitupokea getini na kulivuta geti nyuma yake ili sauti isifike ndani.

"Sista, mama hajui," akasema. "Madaktari wamenambia mimi. Yeye anajua ana vidonda vya tumbo, na wallahi asijue zaidi ya hapo. Mkimwambia mtamuua kabla ya siku zake."

"Hatukuja kumwambia asichokiuliza," Bi Moza akamjibu. "Lakini akituuliza, hatutamwongopea. Nakwambia leo, hapa mlangoni, lisije likakushangaza ndani."

"Hatokuulizeni."

"Inshaallah," akasema Bi Moza, na inshaallah ile kila mmoja wetu aliichukua kwa upande wake.

Chumbani mlikuwa na vitanda viwili. Kimoja amelala Bi Rayya. Cha pili amelala mwanawe mdogo, Hilali. Nasema mdogo kwa kuzaliwa. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi. Alikosa hewa siku aliyozaliwa, na tangu siku hiyo hakuwahi kutembea wala kutamka neno. Macho yake yalimfuata mama yake popote alipo. Mama ndiye aliyemlisha kwa mkono wake maisha yake yote. Si kwamba wengine hawakutaka. Yeye hakuwaachia, na Hilali hakuwafungulia kinywa. Hata siku zile, Bi Rayya akiwa kama ukuti, ukifika wakati wa chakula huegemezwa kwa mito, huletewa bakuli, na akamlisha mwanawe kitanda kwa kitanda.

Tulikwenda mara nyingi. Tulimpimia dawa ya maumivu, tukamgeuza, tukamtazama mgongo usije ukafanya vidonda. Kila tukienda mkono ulioshika kijiko ulikuwa umepungua nguvu. Siku moja tukirudi, gari inapanda mlima, nikamwuliza Bi Moza, "Na Hilali je?"

Alinijibu tulipoanza kuteremka upande wa mjini. "Huo ndio ugonjwa wenyewe wa nyumba ile," akasema. "Tuna faili la mtu mmoja, na wagonjwa wawili."

Hakuna aliyeweza kumwuliza Bi Rayya amemwandalia nini Hilali, maana kumwuliza ni kumwambia kuwa anaondoka. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inangoja, na kijiko kinatetemeka.

Asubuhi moja Bi Moza alitoka uani kuzungumza na Salim khabari za dawa. Mimi nilibaki namwosha Bi Rayya mgongo.

"Thuraya, mwanangu," akaniita. "Nikuulize kitu."

"Niulize, bibi."

"Hii ndiyo yenyewe?"

Nilimaliza kumkausha, nikamfunika kanga, nikazunguka upande wa mbele anione uso. "Wewe unaonaje, bibi?"

"Mie naona nnapikiwa kila nnachokitaja. Juzi nimetaja mkate wa kumimina, kuutaja tu kwa mdomo, na jioni umefika. Na Salim huyu huyu aliyekuwa akinipokonya kikombe kwa sababu ya sukari! Mtu hapikiwi namna hiyo ila ana safari."

Nilicheka, na machozi yakanitoka wakati mmoja. "Ndiyo, bibi," nikamwambia. "Ndiyo yenyewe."

Akafumba macho. "Alhamdulillahi." Kisha akauliza, "Wao wanajua?"

"Wanajua."

"Basi sote tunajua, na kila mmoja anamficha mwenziwe." Akageuza kichwa kwenye kitanda cha pili. Hilali alikuwa anamtazama. "Na huyu atalishwa na nani, nasi hatusemi?"

Nilimpandishia kanga mpaka mabegani.

"Mwambie Salim kuwa najua," akasema. "Nikimwambia mie atakimbia. Wewe umevaa sare, atakustahi."

Hakunistahi. Nilitoka uani, nikamvuta Bi Moza pembeni nikampa khabari. Akaniuliza mambo mawili tu: "Aliuliza mwenyewe?" na "Ulimtazama usoni?" Nikamwambia ndiyo, na ndiyo. "Basi kamalizie," akasema. Alisimama ubavuni mwangu nilipokuwa nazungumza na Salim, na hakunipokonya hata neno moja mdomoni. Ningemshukuru zaidi kama angenipokonya.

Salim alisikiliza mpaka mwisho. "Nilikuombeni kitu kimoja tu," akasema. "Kimoja. Khalas, tokeni. Msirudi tena nyumbani kwangu."

Akatusindikiza mpaka getini, maana hata katika ghadhabu alikuwa mtu mwenye adabu, akalifunga. Mchana ule alishapiga simu kituoni kulalamika. Mkuu wetu akatuita sote wawili. Niliamini uanagenzi wangu umekwisha. Bi Moza alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, akasema, "Mwanagenzi wangu ameulizwa na mgonjwa, hakusema uongo. Kama kuna kosa katika hilo ni langu, mimi ndiye niliyemfundisha." Mkuu alimtazama, akaturudisha kazini.

Lililonikaa kifuani halikuwa malalamiko. Ni kuwa dawa ya Bi Rayya ilikuwa inamalizika na sisi tumefungiwa. Kila asubuhi kabla ya kutoka, Bi Moza alimpigia Salim. Simu ikaita, haikupokewa. Kesho yake akapiga tena. Nikamwuliza mbona hatuendi tu tukagonga.

"Mwenye nyumba akifunga mlango hatuusukumi," akasema. "Lakini asipate kusema kuwa tuliondoka."

Siku ambayo simu ilipigwa kutoka upande wa pili tulikuwa Matrah, tumo ngazini. Bi Moza aliipokea na kuiweka sauti ya juu ili nami nisikie. Ilikuwa sauti ya Salim, lakini imekauka kama ya mtu mwengine. "Sista," akasema, "Hilali hali."

Mama yake alikuwa amezidiwa na maumivu hawezi kuinuka. Tangu jana Salim amejaribu kumlisha Hilali, mkewe amejaribu, majirani wamejaribu. Hilali amefunga meno na anamtazama mama yake.

Tulivuka milima. Tulianza na Bi Rayya. Bi Moza akampa dawa, tukamlaza vizuri, tukangoja, nami nikaona mikunjo ya paji la uso inafunguka mmoja mmoja. Alipofungua macho, alimwona Salim amesimama baina ya vitanda viwili, bakuli mkononi, kanzu imeroa maziwa.

"Salim, mie nakufa, baba," akasema.

"Usiseme hivyo, mama."

"Nseme vipi? Nakufa, na nduguyo ana njaa. Lipi tulishughulikie mwanzo?"

Salim aliliweka bakuli chini, na yeye mwenyewe akaenda chini nalo, akalia kwa sauti, mtu mzima, kichwa chake kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake. Bi Moza alinivuta mkono wa sare tukatoka. Tulisimama jikoni na mke wa Salim mpaka tuliposikia sauti ya Bi Rayya inatuita turudi.

"Njooni mumwegemeze Hilali vizuri," akasema. "Leo anasomeshwa mtu."

Tukamwegemeza. Salim akachukua bakuli, mkate uliorowekwa maziwa ukawa laini, akasimama mbele ya nduguye na kijiko.

"Kaa," mama yake akamwambia. "Mtu halishwi na aliyesimama, wewe si askari. Upande wa kushoto, wa kulia haoni vyema. Kijiko kidogo. Mwoneshe kwanza. Usimtie, mwoneshe. Haya, sema bismillahi kisha ungoje."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka afungue. Unakwenda wapi?"

Salim akangoja. Hilali akakitazama kijiko, akamtazama nduguye, akamtazama mama yake. Mama yake hakumwashiria kitu; alimrudishia macho tu. Kisha Hilali akafungua kinywa.

Nusu ilimwagikia kidevuni.

"Mfute," akasema Bi Rayya. "Tena."

Salim alichukua likizo. Siku zilizofuata kila tulipoingia tuliwakuta katika darasa lao. Bi Rayya alimwonesha namna ya kujua Hilali ameshiba, namna anavyokohoa akitaka maji na anavyokohoa yakimpalia, namna ya kumsugua miguu ikimkakamaa kwa baridi ya kiyoyozi. Sisi tuliongeza letu: kumgeuza kwa shuka, kumwinua bila ya kumvuta bega. Nilimtazama Bi Rayya anavyofundisha. Panapo kosa lisilo na khatari alimwacha Salim akosee. Penye khatari alimshika mkono. Ndivyo Bi Moza alivyokuwa akinifanyia mimi tangu ngazi za Matrah, ila sikuwa nimeliona mpaka nilipolitazama kwa mtu mwengine.

Walizungumza pia, mama na mwanawe. Sijui waliyoyasema, tukifika walikuwa wakinyamaza, au wanacheka. Waliombana radhi, hilo Bi Rayya aliniambia mwenyewe, na akaniambia kuwa Salim tangu utotoni hakuwahi kulala mchana, na sasa analala pale, kwenye zulia, baina ya vitanda.

Bi Rayya alifariki asubuhi moja tulivu, Salim anamlisha Hilali. Tulipofika tulikuta ameshafunikwa, na Salim ndiye aliyetuhadithia. Mkewe ndiye aliyeona mwanzo, akamwita mumewe kwa jina taratibu. Salim akageuka, akamtazama mama yake, akajua. Bakulini mlikuwa mmebaki chakula. Kama angeinuka kwa kelele Hilali angefunga meno, na huenda asingefungua tena siku ile. Kwa hiyo alimwonesha nduguye kijiko, akasema bismillahi, akangoja, mpaka bakuli likaisha. Kisha akamfuta kidevu, akainuka, akaenda kumfumba mama yake macho.

Bi Moza hakuwahi kuniambia kuwa nimeiva. Baada ya msiba ule, tulipokuwa tunatoka kituoni kwenda kwa mgonjwa mpya, alinipa funguo za gari na akakaa upande wa abiria. Tulipofika hakuteremka.

Miaka iliyofuata mnaijua, wengine nilikuwa nanyi. Niliwafuatisha wanagenzi wengi, wazuri na wa kusukumwa. Mwanagenzi mmoja wa miaka ya karibuni alinihakikishia kuwa simu yake inajua kipimo cha kila dawa. Nikamwuliza inajua kubisha hodi? Lakini walijifunza. Mimi pia nilijifunza kwao, ingawa hilo nilikuwa siwaambii siku za kazi.

Nyumba ya Al Amerat ilibaki katika mzunguko wangu, safari hii kwa faili la Hilali. Nilimwona Salim anaota mvi, anastaafu, anahamisha kitanda chake chumbani kwa nduguye. Hakuwa tena na haja ya maelekezo yangu. Nilikwenda, nikapima nilichokuja kupima, tukanywa kahawa. Mara nyingi nilifika wakati wa chakula, nikangoja kama wangojavyo wenye nyumba, kwa kuwa pale hapakuwa na kitu cha kuharakishwa.

Mwezi wangu wa mwisho kazini Hilali alishikwa na kifua. Madaktari walifanya walichoweza. Alifia nyumbani, mikononi mwa nduguye, na watu walishangaa kuwa mtu wa hali ile ameishi hata akazeeka.

Nilikwenda kutoa mkono siku ya mwisho ya msiba, watu wameshapungua. Nilikuwa ukumbini na mke wa Salim, na Salim mwenyewe akaja kunisalimu. Alikuwa amekonda. Nikampa pole, akaitikia, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista Thuraya, watu wananipa mkono na wananambia, sasa umepumzika. Wana nia njema, wallahi. Lakini nimepumzika na nini?"

Tulizungumza machache, ya mvua iliyotarajiwa na ya wajukuu. Adhana ya Adhuhuri ikapita, wakati ambao Hilali alikuwa akilishwa. Salim, katikati ya sentensi, aliinuka akaelekea jikoni, akafungua kabati, akatoa bakuli. Mkewe alimfuata. Alimshika mkono, na wakasimama pale wawili, bakuli baina yao.